Ardhi iliyo chini ya dohani

Julai iliyopita nilikuwa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, nyumbani kwa baba mdogo, katika kampu ya wafanyakazi nilikozaliwa na kukulia. Kilikuwa kiangazi, asubuhi ina baridi ya kuvalia sweta, na ikifika saa nne vumbi limekwisha kuamka pamoja na watu. Ukikaa barazani kwake unaiona dohani ya kiwanda cha shaba, ile ambayo wazee wetu huiita mumbunda, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya madini ambacho mgeni hukidhania mlima. Nilikuwa nikimwonyesha picha za Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, katika simu, kwa sababu alitaka kujua mji ninaoishi ukoje, na nikafika kwenye picha ya kiwanda cha zamani cha sabuni cha Heymans. Kiwanda hicho kiko katikati ya jiji. Shirika la umma la ustawi wa jamii lilikigeuza kuwa nyumba 42 za kodi nafuu, zikakamilika mwaka 2011, na dohani yake ya matofali ikaachwa imesimama palepale.

Baba mdogo aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na ule udongo wa chini, walifanya nao nini?"

Nilitarajia aulize kodi ni kiasi gani, au kwa nini dohani haikubomolewa. Lakini yeye alisimama mbele ya tanuri miaka 22, na mtu wa namna hiyo haulizi habari za rangi ya kuta. Swali lake lilinifanya nitambue kwamba kwa miaka yote niliyoishi ughaibuni nimekuwa nikiwasimulia ndugu zangu sehemu ya juu tu ya mambo: viwanja vyenye miti, majengo yenye vioo, watu wanaokunywa kahawa kando ya mfereji. Nami najua vizuri kwamba kazi ya kufufua mtaa uliokufa na viwanda vyake huanzia chini ya miguu, katika maswali mawili ambayo hayapigwi picha: ardhi ina nini ndani yake, na ardhi ni ya nani.

Mtaa wangu ni Molenbeek, upande wa magharibi wa mfereji unaounganisha Bruxelles na Charleroi. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1832, ukaleta makaa ya mawe, na makaa yakaleta viwanda, hata watu wakaipa Molenbeek jina la Manchester ndogo, kwa mfano wa ule mji wa viwanda wa Uingereza. Palikuwa na viwanda vya bia, vya nguo, na viwanda vya kusubu vyuma. Kimoja kati ya hivyo, kiwanda cha kusubu shaba nyeusi, kilifungwa mwaka 1979, na leo ni makumbusho ya viwanda na kazi, yanaitwa La Fonderie. Siku ya kwanza kuingia humo nilisimama mbele ya kalibu za sanamu nikafikiri kwamba shaba nyeusi ni shaba na bati, na kwamba kwetu tulikua tukivuta moshi wa mmoja wa hao wawili. Sina ushahidi kwamba shaba ya Katanga, eneo letu la migodi, ilipita mlango ule, na sitadai hivyo. Lakini nilihisi nimeingia nyumba ya shangazi ambaye sikuwahi kuonyeshwa.

Viwanda vilipokwisha kuondoka, kuanzia miaka ya 1960 na 1970, walibaki wafanyakazi, wengi wao Wamoroko waliokuja baada ya mkataba wa kazi wa mwaka 1964 kati ya Ubelgiji na Moroko, pamoja na nyumba zilizochoka na maghala matupu. Jambo hili mtu wa Lubumbashi haelezwi mara mbili. Gécamines, kampuni yetu ya madini ya dola, ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, na mengine yakafuata, uzalishaji ukashuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari, neno ambalo katika kampu zetu bado hutamkwa kwa sauti maalumu.

Sasa nirudi kwenye udongo. Mwaka wangu wa pili Molenbeek, mtaa ulipewa kiwanja kidogo palipokuwa karakana, tukaambiwa tunaweza kulima bustani. Mimi nilikwenda na jembe la mkono na mbegu za lengalenga, yaani mchicha, nilizoletewa katika bahasha, nikaanza kuchimba. Bibi mmoja wa Kimoroko alikuja mbio akinipungia mkono nisiendelee. Bustani yote ilikuwa ndani ya masanduku ya mbao, yamewekewa kitambaa kizito chini na kujazwa udongo ulioletwa kwa lori kutoka mbali, kwa sababu ule wa asili ulikuwa na madini ya risasi na mafuta ya mashine. Katika mkoa wa Bruxelles, tangu sheria ya mwaka 2009, huwezi kuuza kiwanja bila hati inayoeleza hali ya udongo wake, na mahali palipodhaniwa kuwa na sumu hupimwa kabla ya mtu kujenga. Kupima na kusafisha huko hula fedha nyingi na muda mrefu, na ndiyo sababu moja ya maghala mengine kukaa matupu miaka nenda miaka rudi huku watu wakilala wamebanana.

Nilipomweleza baba mdogo haya, hakunijibu, ila aligeuza macho upande wa uani, ambako mama mdogo alikuwa na tuta lake la lengalenga na matembele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga, wakaonyesha kwamba waliokaa karibu na migodi na viyeyushio walikuwa na madini ya kobalti mengi mno mwilini, na watoto wakawazidi wakubwa. Upepo wa kwetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na upande wa pili wa dohani, kuelekea Penga-Penga, kuna ardhi ambayo miti yake ilikufa zamani. Watu wanajenga huko. Wakiuza parseli, yaani kiwanja, hati wanayopeana husema urefu na upana wake tu.

Swali la pili, la mwenye ardhi, lilinifika kwa njia ya barua. Tangu mwaka 1994 Bruxelles ina kitu kinachoitwa mikataba ya mitaa: mkoa na komine, yaani serikali ya mtaa, huchagua mtaa mmoja uliodhoofika, huutengea fedha, na kwa miaka minne hujenga nyumba za umma, hutengeneza barabara na viwanja, hufungua kituo cha watoto wadogo au ukumbi wa vijana. Wakazi hukaa katika kamati na kusikilizwa. Nilihudhuria vikao kadhaa pamoja na jirani yangu, mama wa Bukavu, ambaye wachora ramani walipomaliza kueleza habari za mabenchi na taa aliinua mkono akauliza choo kiko wapi. Hakikuwapo. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti iliyosikika chumba kizima, kwamba uwanja usio na choo umetengenezewa watu wanaopita, haukutengenezewa watu wanaokaa. Aliombwa kutafsiri, akatafsiri, na choo kikaingizwa katika mchoro.

Uwanja ulikuwa mzuri kweli. Watoto wangu walijifunzia baiskeli hapo. Lakini ndani ya mwaka uleule mkataba wetu wa nyumba ulifika mwisho, na mwenye nyumba, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa haonekani hata paa lilipovuja, alituandikia barua kwamba hatauendeleza. Baada ya wiki chache nyumba ilitangazwa kwa euro 180 zaidi kwa mwezi, na katika tangazo alitaja, kama fadhila yake mwenyewe, "uwanja mpya mbele ya mlango". Mimi niliyekaa vikaoni usiku, nikibishania mabenchi, nilikuwa nimesaidia kumpandishia kodi. Sisemi kwamba viwanja visitengenezwe. Nasema nyumba zitangulie, na ziwe za umma au zimefungwa kwa mkataba usiovunjika, ndipo mapambo yafuate. Tulihangaika miaka mingi kabla ya kupata nyumba ya komine, nasi tulikuwa na bahati, maana orodha ya wanaosubiri nyumba za kodi nafuu Bruxelles ina kaya zaidi ya 50,000.

Kuna njia nyingine iliyonivutia zaidi, na mtu wa pwani angeielewa mara moja kwa neno wakfu. Tangu mwaka 2012 ipo amana ya ardhi ya jamii ambayo hununua kiwanja kwa msaada wa fedha za umma na kukishikilia daima. Familia ya kipato kidogo hununua nyumba iliyo juu yake tu. Ikitaka kuhama huuza, lakini huchukua robo moja ya faida iliyopatikana, ili anayeingia naye aweze kumudu bei. Nyumba zao za kwanza, 9 tu, zilifunguliwa Molenbeek mwaka 2015. Ni chache, najua, hasa ukisimama ukingoni mwa mfereji ukatazama upande wa Tour & Taxis, ambako maghala ya forodha ya zamani yamekarabatiwa kwa ustadi mkubwa na fleti zilizojengwa jirani si za watu wa mtaani kwangu.

Baba mdogo hakuona ajabu. Alinikumbusha kwamba kwetu sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kuitumia pamoja na kile alichojenga juu yake. "Sasa," akasema, "sisi tuna sheria ya wakfu bila wakfu." Kisha akaniita tukale bukari, ugali wetu, kabla haijapoa, kwa sababu mama mdogo hapendi kungoja.

Mwezi uliopita alinitumia picha. Amekata pipa la mafuta katikati, akalitoboa chini, akalijaza udongo wa kichuguu uliobebwa kwa mkokoteni kutoka nje kabisa ya mji, na lengalenga imeota, majani mapana, mekundu kidogo kwenye mishipa. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya pipa, karibu na ukuta, lile tuta la zamani bado lipo, na mama mdogo ameinama juu yake, anachuma.