Mama amelala bila koti

Jana usiku mama amelala bila koti, mara ya kwanza tangu aje kwetu hapa Minneapolis, Marekani, kutoka Tanga. Nimefurahi mno.

Nyumba yetu ni ya mbao, ya mwaka 1926. Nje mbao, ndani plasta, katikati hewa tupu. Hita inaunguruma usiku kucha, lakini ukiweka kiganja ukutani nyuma ya kitanda chake, ni kama umeshika samaki wa kwenye friza. Kona ya chini ilikuwa inatoa jasho, kisha ikaota ukungu mweusi. Mimi nikalaumu madirisha, nikanunua mapazia mazito. Wapi!

Wiki iliyopita wakaja mafundi kujaza ule uwazi wa ukutani. Wakabandua mstari wa mbao za nje, wakatoboa tundu kati ya nguzo na nguzo, kila baada ya sentimita 40 hivi, wakaingiza mpira mrefu na kupuliza karatasi za magazeti zilizosagwa, zilizochanganywa na chumvi ya boroni ili zisishike moto upesi. Nilishika konzi moja: laini, ya kijivu, kama sufi ya mito ya nyumbani.

Chini ya dirisha walipasahau. Tulipapapasa wenyewe tukapasikia baridi, wakarudi kujaza. Wenye nyumba za zamani kama hii, paguseni hapo kwa mkono kabla ya kumalizia malipo.

Leo asubuhi mama kaegemea ukuta ule ule, kikombe cha chai mkononi. "Mwanangu, baridi imehama humu."