Chama cha Wanawake Kanisani Ni cha Nini Hasa?

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa chama cha wanawake katika usharika wetu, na kwa muda wote huo nilijihesabu kuwa naijua katiba yetu kwa sababu tu ndiyo niliyoibeba kwenye mkoba. Siku moja mama kijana aliyekuwa amejiunga mwezi huo huo aliinua mkono katikati ya kikao na kuuliza, kwa adabu kabisa, chama hiki kipo kwa ajili gani. Mwenyekiti alinitazama, nami nikafungua mkoba. Kifungu cha pili kilisema kwamba lengo letu ni kumtumikia Mungu kwa maombi, kwa kujifunza Neno na kwa matendo ya huruma. Ajenda iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na mambo sita, na matano kati ya hayo yalihusu michango. Mama yule alikiandika kifungu kile kwenye daftari lake, akashukuru, akaketi, nasi tukaendelea na ajenda ya tatu, yaani malipo ya fundi wa sare.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia sura ya 9 ya Matendo ya Mitume, habari za Tabitha wa Yafa, ambaye kwa Kigiriki aliitwa Dorkasi. Vyama vingi vya wanawake wa makanisa ya Kiprotestanti vimejiita kwa jina lake, na mara nyingi tunamhubiri kama mshonaji na mtoa sadaka. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hata hivyo, kabla ya kutaja sindano wala sadaka, anamwita mwanafunzi, tena kwa neno la Kigiriki lenye umbo la kike ambalo katika Agano Jipya lote linaonekana mahali hapo tu. Naona mpangilio huo una uzito. Dorkasi alishona kwa sababu alikuwa mwanafunzi; hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi kwa sababu alishona. Chama kinachokumbukwa na baraza la wazee pale tu wageni wanapotarajiwa, au viti vinapotakiwa kupangwa na jiko kuwashwa, kimekubali kuugeuza mpangilio huo, na lawama si ya wazee peke yao, kwa kuwa sisi wenyewe tumezoea kuandika shughuli za jiko kwenye taarifa ya mwaka na kusahau kueleza tulisoma kitabu gani cha Biblia.

Dorkasi alipofariki, mtume Petro aliitwa, na alipopandishwa orofani, wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizitengeneza alipokuwa pamoja nao. Hakuna aliyemsomea Petro kiasi kilichotumika kununulia kitambaa.

Sisemi haya ili kuidharau fedha. Luka huyo huyo, katika sura ya 8 ya Injili yake, anawataja Mariamu aitwaye Magdalene, Yoana mkewe Kuza wakili wake Herode, Susana na wengine wengi waliokuwa wakihudumu kwa mali zao katika safari za Yesu na wale Thenashara, yaani wanafunzi wake kumi na wawili, kwa hiyo mfuko wa mwanamke umelisaidia kanisa tangu kabla halijaitwa kanisa. Matatizo huanza pale mchango unapogeuka kipimo cha uanachama, na hapo sina budi kueleza kosa langu mwenyewe.

Katika kikao cha kufunga mwaka nilisimama nikasoma kwa sauti majina ya waliokuwa hawajamaliza ada, pamoja na kiasi anachodaiwa kila mmoja. Utaratibu huo niliukuta, na sikuwahi kuuhoji. Mmoja wao, mjane aliyependa kukaa benchi la karibu na dirisha, alikuwa ameikunja sare yake magotini akishona kifungo kilicholegea. Nilipolitaja jina lake hakuinua macho. Aliendelea kuvuta uzi, akaukata kwa meno, kisha akaichomeka sindano kwenye kola. Kikao kilichofuata hakuja, wala kilichofuata baada ya hicho. Nilipolipitia daftari la mahudhurio nikitafuta jambo lingine kabisa, niliona kwamba kwa miaka mitatu mfululizo hakuwa amekosa hata mara moja kwenda na kundi la kutembelea wagonjwa. Mimi mwenye ada iliyolipwa kikamilifu nilikuwa nimekwenda mara mbili.

Kuna wanawake waliolitafakari jambo hili vizuri zaidi yetu. Mwaka 1956 Shanti Solomon, Mkristo kutoka India, alikuwa katika msafara wa wanawake waliokuwa wakizitembelea nchi za Asia kwa ajili ya upatanisho baada ya vita, na aliponyimwa ruhusa ya kuingia Korea alibaki Ufilipino akiwasubiri wenzake. Humo ndimo lilimozaliwa wazo lake kwamba kila mwanamke anapoombea amani na upatanisho atenge sarafu moja, ile ndogo kuliko zote katika nchi yake. Uzuri wa wazo hilo umo katika neno "ndogo". Mke wa tajiri hawezi kutoa sarafu ndogo iliyo kubwa kuliko ya mjane, na hakuna anayeweza kusomewa deni la sarafu ambayo hutolewa faraghani pamoja na sala. Sarafu hizo hukusanywa kutoka nchi nyingi na kutumika kusaidia kazi za huduma, nazo zimefika mbali kuliko thamani ya kila moja.

Tulipokaa kuirekebisha katiba yetu, kwa hiyo, nilipendekeza kwamba ada ibaki lakini iwe ndogo kiasi ambacho kila mmoja anaweza, kwamba mchango wa hiari uwekwe kwenye bahasha isiyo na jina, na kwamba orodha ya wadaiwa isisomwe tena mbele ya watu milele. Mweka hazina alipinga kwa nguvu, akisema kwamba bila majina hakuna atakayetoa. Ulikuwa ubishi mrefu kuliko wowote niliowahi kuuandikia kumbukumbu, nao uliisha kwa kura, si kwa mmoja wetu kumshawishi mwenzake.

Kifungu cha uongozi nacho kilitushughulisha. Katika makanisa mengi mke wa mchungaji huwa mwenyekiti wa chama siku ile ile anapowasili na mizigo yake, na hakuna anayemuuliza kama anaiweza kazi hiyo au hata kama anaitaka. Mary Sumner, aliyeanzisha umoja wa akina mama wa Kianglikana mwaka 1876 kule Old Alresford, Uingereza, alikuwa mke wa mchungaji, na inasimuliwa kwamba katika mkutano wa kwanza hofu ilimzidi akashindwa kuzungumza, akawaomba wanawake waliokusanyika warudi wiki iliyofuata. Nampenda kwa sababu ya wiki ile moja. Tuliamua kwamba mama mchungaji awe mlezi, na uenyekiti uwe wa kuchaguliwa, kwa kipindi kinachojulikana mwisho wake. Mama mchungaji wetu ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Historia ya umoja huo huo ina upande mwingine ambao hatuna haki ya kuupita. Kwa kuwa ulijengwa juu ya utakatifu wa ndoa, kwa miaka mingi ulimzuia aliyepewa talaka kuwa mwanachama, mpaka miaka ya 1970 ulipobadili msimamo. Naelewa hoja ya waliouweka mpaka huo, maana chama kinachoihimiza ndoa ya Kikristo hakitaki kuonekana kinaichukulia kwa wepesi. Hata hivyo mwanamke aliyeachwa, aliyezaa bila kuolewa, au ambaye hakuolewa kabisa, ndiye mara nyingi anayehitaji zaidi watu wa kuomba naye, na sioni ni kwa andiko gani tungemwacha mlangoni. Katiba yetu sasa inasema "kila mwanamke wa usharika", bila neno jingine baada yake.

Kanuni nyingine naweza kuzitaja kwa ufupi, kwa sababu hazina ubishi, ugumu wake ukiwa kuzitenda tu: hesabu zisomwe kila robo mwaka na kukaguliwa na mtu asiye kiongozi, na ombi lililotolewa kwenye kikundi cha maombi lisitoke nje hata kwa sura ya "tumwombee dada yetu fulani", kwa maana umbea mwingi wa kanisani husafiri ukiwa umevaa joho la maombi.

Baada ya katiba kupitishwa, mimi na yule mama kijana tulikwenda kwa mjane wa benchi la dirishani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi na niliyasema yote, huku nikimwonyesha ukurasa wenye kifungu kipya kuhusu ada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaupokea ukurasa, akaukunja bila kuusoma, na kuniuliza kuhusu mama mmoja mwenye ugonjwa wa kupooza ambaye kundi lilikuwa likimtembelea kila Alhamisi: je, siku hizi anakwenda nani, na je, yule anayekwenda anakumbuka kumgeuza kutoka ubavu wa kushoto?

Sikuwa najua. Mwenzangu alifungua daftari lake, ukurasa unaofuata ule wa kifungu cha pili, akaandika jina la mgonjwa, akaandika "Alhamisi", kisha akamwomba mjane yule amweleze tena polepole namna ya kumgeuza.