Cheti kiliandikwaje?

Wiki iliyopita nilikwenda kufuatilia cheti cha kifo cha Shangazi. Binti wa dirishani, macho kwenye kompyuta, akaniuliza, "Marehemu alikuwa ameolewa?" Nikamwambia ni mjane. "Cheti cha ndoa mnacho?" Nje muuza kahawa alikuwa anapita akigonganisha vikombe vyake, na mimi nikanyamaza mpaka yule binti akainua uso.

Swali lake lilinirudisha usiku wa Ijumaa, tarehe 26 Juni 2015, Ramadhani haijafika kumi. Hukumu ilisomwa Washington asubuhi yao, kwa saa zetu saa kumi na moja jioni, sisi tupo jikoni Ngamiani, Tanga, tunageuza kalimati. Wanaume ndio walioileta habari walipotoka tarawehe. Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba majimbo yote yaandikishe ndoa za watu wa jinsia moja. Siku hiyo hiyo bomu lilikuwa limelipuka msikitini Kuwait katika swala ya Ijumaa, likaua watu 27, na Tunisia mtu mwenye bunduki aliua watalii 38 ufukweni. Barazani kwetu waliouawa Kuwait walisomewa "inna lillahi" mara moja, wakaachwa. Liliniuma lile, na mpaka leo linaniuma. Waliokufa wakiswali walikosa hata nusu saa ya maneno yetu.

Kelele zilikuwa za kule Washington. Ami alisema leo ni kwao, kesho watatubebesha na sisi, na atakayekataa atanyimwa misaada. Akakumbusha mwaka 2011, David Cameron wa Uingereza alipoigusia misaada namna hiyo, na Bernard Membe, waziri wetu wa mambo ya nje, akamjibu kwamba Tanzania haikubali. Jirani mmoja akasema si Wazungu peke yao, mbona Afrika Kusini ndoa hizo zipo tangu 2006. Akazomewa. Karani, mzee aliyestaafu mahakamani, akanyoosha kidole: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa hiari, kwa nia ya kudumu maisha yao yote. Na nje ya hapo kuna kifungo cha miaka 30 mpaka maisha. "Mlango umefungwa," akasema. Watu wakaitikia.

Sisi wanawake tulikuwa ukumbini, mlango wazi, tunasikia kila kitu.

Binamu yangu alikuwa na simu, anasoma habari kwa Kiingereza na kuwatafsiria. Akafika kwa mwenye kesi, Jim Obergefell wa jimbo la Ohio. Huyu alikaa na mwenzake, John Arthur, miaka kama 20. John akapata maradhi ya kulegea viungo, yasiyo na dawa. Ohio haikuruhusu ndoa yao, basi mwaka 2013 wakakodi ndege ya wagonjwa mpaka Maryland, wakafungishwa ndoa humo humo ndani ya ndege, ipo chini uwanjani, mgonjwa kalala, wakarudi. Miezi mitatu baadaye John akafa. Kilichompeleka Jim mahakamani ni cheti cha kifo. Alitaka jina lake liandikwe humo kwamba ndiye mwenza aliyebaki hai.

Barazani watu waliguna, wengine walicheka. Shangazi alikuwa kasimama mlangoni na dele la kahawa, mkono umeviringishiwa kitambaa. Alikuwa anatoka kuwaongezea. Hakutoka, hakurudi ndani. Nilikuwa nyuma yake, nikaona tone la kahawa linaning'inia kwenye mdomo wa dele, likaanguka kwenye khanga yake, likafuatiwa na jingine, wala hakuangalia.

"Kwa hiyo kile cheti," akasema, "kiliandikwaje?"

Binamu akadhani hakusikia vizuri. "Nini, Shangazi?"

"Cheti cha kifo. Hao wakubwa wa kwao walitaka kumwandika vipi yule maiti?"

Akaitazama simu. "Walitaka aandikwe hana ndoa."

"Na mimi wangu walimwandika hivyo."

Hakuna aliyecheka tena. Ami akasema kwa upole, "Dada, usichanganye mambo. Wewe ulikuwa na nikahi."

"Nilikuwa nayo. Shahidi mmoja ni wewe. Karatasi ndiyo sikuwa nayo."

Mnaotujua mnalijua hili. Mumewe, makanika wa reli, alifariki mwaka 1998. Sheikhe aliyewaozesha alishatangulia, shahidi wa pili pia, na Ami alikuwa Unguja kwa kazi. Ofisi moja ikamtaka cheti cha ndoa, ndugu wa mume wakasema hawamtambui, na Ami alipovuka kurudi, nyumba ya Makorora ilikuwa imeshauzwa. Shangazi alikuja kwetu na sanduku na cherehani.

Karani naye alikuwa akikijua kisa hicho. Nadhani alitaka kumfariji. Akasema, "Lakini dada yangu, kukosa kuandikisha hakuvunji ndoa. Hata sheria hii hii, kifungu cha 160, mwanamume na mwanamke wakithibitika wamekaa pamoja miaka miwili, na watu wakawajua kuwa mke na mume, huhesabiwa wameoana mpaka aje wa kuthibitisha vingine."

"Miaka miwili?"

"Miwili."

"Mimi nilikaa kumi na tisa, Karani. Na wewe ulikuwa ukinunua maandazi yangu kila asubuhi, ukienda huko huko mahakamani."

Karani akainamia kikombe chake. Shangazi ndipo akatoka, akawamiminia wote kahawa, na Karani akammiminia, hakumruka. Walibaki kuzungumza bei ya nazi.

Nimelibeba hili zaidi ya miaka kumi na sijui niliweke wapi. Ndoa ninayoiamini ina walii, ina mahari, ina mashahidi wawili, ni ya mume na mke, na sijapata kutikisika katika hilo. Shangazi hali kadhalika. Lakini usiku ule nilikuwa nasikiliza watu ninaowapenda wakilijua kila neno la sheria linalomfungia mlango mtu wa Ohio wasiyemjua, na aliyekuwa na haki ya kufunguliwa alikuwa nao nyumba moja, anawapikia futari. Tangu hapo, mjadala huu ukianza, redioni au harusini, mimi husikiliza kwanza nani anaulizwa karatasi. Pengine nakosea. Pengine mambo haya mawili hayafai kuwekwa kwenye sinia moja, kama alivyosema Ami.

Walipoondoka tulikaa uani kuosha vikombe. Nikamuuliza, "Shangazi, wewe wale unawaonaje?"

Alikuwa anasuuza kikombe kwa kidole, anakizungusha ndani ya bakuli. "Mungu kakataza, na mimi nimesikia," akasema. Akakipindua kikombe kwenye sinia, akachukua kingine. "Ila yule aliyebakia. Nyumbani hawakumtoa?"

Nikamwambia sijui, Binamu hakufika huko.

"Kesho muulize," akasema.

Sikumuuliza.