Usanifu majengo ulivyonionyesha pa kusimama na kamera

Kila nikilalamika kwamba chumba ni kidogo, jibu ni lile lile: "Kaka, nunua lenzi pana zaidi." Nimelisikia mpaka limenichosha. Wengi wanaolitoa hawajawahi kukesha wakichora ramani ya choo kwa skeli ya 1:20, huku wakijua mwalimu anawasubiri asubuhi na kalamu nyekundu. Mimi nimekesha. Nilisoma usanifu majengo mpaka mwisho na sijajenga hata banda la kuku, lakini picha zangu za ndani ya nyumba zinalipiwa, na nadaiwa shukrani na ile kalamu nyekundu.

Lenzi ya milimita 17 kwenye kamera ya fulu fremu (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) inaona takriban nyuzi 93 kwa upana. Chumba kizima inakimeza, sikatai. Ila kitanda kilicho karibu kinageuka uwanja wa ndege, ukuta wa mbele unakimbilia mbali, na mpangaji akija kuona chumba chenyewe anahisi katapeliwa. Halafu watu wanailaumu lenzi bure. Ukubwa wa kitu cha karibu ukilinganisha na cha mbali unaamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi kazi yake ni kukata kipande kikubwa au kidogo cha kile unachokiona ukiwa hapo. Sisi tulilijua hilo kwa mkono, kwenye kuchora pespektivu, yaani mchoro ambamo vitu vya mbali vinapungua kama jicho linavyoviona: sogeza jicho sentimita moja kwenye karatasi, mistari yote inahama, unaanza upya.

Sasa niwape ujanja wangu, maana najivunia. Nilipewa chumba cha kusomea cha kama mita tatu kwa nne, rafu za vitabu pande mbili, dirisha mbele. Nikatoa tepu, nikapima, nikachora ramani ya 1:50 nyuma ya bahasha. Kwa skeli hiyo chumba kizima ni sentimita sita kwa nane. Kisha nikakata pembetatu ya karatasi angavu yenye pembe ya nyuzi 54, ambao ndio upana wa lenzi ya milimita 35, nikaanza kuitembeza ncha yake juu ya ramani. Kona hii, inakata rafu. Kona ile, dirisha linapotea. Mwenye nyumba ananitazama kama mtu aliyekosea kumwita fundi. Nikaitoa ncha nje ya chumba kabisa, kwenye korido, kama mita moja nyuma ya mlango, na pale kila nilichokitaka kikaingia: ukuta wa mbele wote, dirisha, rafu za pande zote mbili kwa karibu nusu, na miimo ya mlango pembezoni.

Miimo hiyo ndiyo utamu wenyewe. Niliiacha iwe na giza kidogo, jicho likapata pa kuanzia, likapita chumbani, likaishia dirishani. Mteja akataka niikate. Nikaikata, nikamwonyesha, akanyamaza kidogo, akasema rudisha.

Majengo marefu nayo yana ushauri wake mbovu: "Inua kamera, utanyoosha kwenye kompyuta." Ukiinua, kuta zinaegemeana juu, na ukinyoosha baadaye unavuta pikseli, zile nukta za picha, na ukali unapungua. Lenzi ya kushifti, inayotelezeshwa juu bila kuinua kamera, ipo, lakini kwa bei yake mimi ningenunua kamera nyingine na chenji ibaki. Naweka kamera wima, naisawazisha kwa pima maji, napiga kwa lenzi pana (ndiyo, hapa naitumia, msinicheke), kisha naikata nusu ya chini yenye lami tupu. Ukiruhusiwa kupanda jengo la ng'ambo hadi ghorofa za katikati, ni bora zaidi: lenzi inakuwa usawa wa nusu ya jengo na hukati kitu.

Gabriele Basilico, Mwitaliano aliyejulikana kwa picha za miji, alihitimu usanifu majengo Milano mwaka 1973. Tazama kazi zake uone kona za mitaa zilivyosimama wima.

Kuhusu jua, darasani tulichora vivuli kwa nyuzi 45 ili kina kisomeke: kibaraza kikitokeza sentimita 60, kivuli chake nacho kinashuka sentimita 60. Nikiwa nje nalisubiri jua lifike karibu na hapo, ubavuni na juu kidogo ya ukuta. Linahama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nafika mapema, naweka stendi, nakaa. Jua likiwa nyuma ya kamera moja kwa moja, ukuta unakuwa bapa na dirisha lililozama linaonekana limechorwa. Na ukuta ambao jua haliufikii kabisa sihangaiki nao mchana. Naurudia wakati wa magharibi, taa za ndani zikishawashwa na mbingu bado ina rangi.