Siku moja maishani mwangu: asubuhi chanjo, mchana kibali cha ng'ombe

Saa 10 na nusu alfajiri simu haijalia lakini nimeshaamka, siku za chanjo usingizi wangu huwa mwepesi. Mimi ni afisa mifugo wa kata huku Simiyu, watu wote wananiita dokta, ingawa daktari mwenyewe yuko wilayani na mimi nina stashahada yangu ya chuo cha mifugo, LITA Mpwapwa. Kitu cha kwanza kabla hata ya chai ni barafu. Kuna mama ana duka la soda pale stendi, ananigandishia chupa za maji kwenye friza lake, nampitia kwa pikipiki nazipanga kwenye kulboksi chini na juu, chanjo inakaa katikati. Hii chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, vikipata joto vinakufa na kwa macho huwezi kujua, utachoma zizi zima maji matupu halafu baada ya miezi ng'ombe wanakohoa na mfugaji anakwambia dokta chanjo zenu hazifanyi kazi, na atakuwa anasema ukweli kabisa.

Saa 12 na nusu niko kwenye kibanio, ule ujia mwembamba wa miti wa kuwabania ng'ombe, karibu na lambo. Baridi ya Julai inauma, vumbi tayari limeshaanza. Mwangaluka, mwangaluka, salamu zinazunguka, wazee wako upande mmoja na fimbo zao, vijana wa kuswaga wako upande wa pili. Shida yangu ya kila siku ni hesabu ya chupa. Chupa moja ina dozi 100, ukishaichanganya una kama saa moja tu, na muda wote huo ikae kwenye barafu isipigwe jua. Sasa mtu akija na ng'ombe 30 peke yake siwezi kuifungulia, 70 nitazimwaga, kwa hiyo nasimama pale nawabembeleza wenye mazizi ya jirani wasogee tuwaunganishe wafike mia, na wao hawataki ng'ombe wachangamane, na kusema kweli hofu yao ina maana, ndiyo hofu hiyohiyo iliyonileta mimi pale. Tunakubaliana wanapita kwa zamu, kundi likitoka lingine linaingia, hakuna kugusana puani.

Tangu kampeni ya kitaifa izinduliwe Bariadi Juni 2025 ng'ombe anachanjwa kwa shilingi 500, serikali imeweka ruzuku, na hereni, kile kibandiko cha sikioni chenye namba yake, anavishwa hapohapo. Hela siyo tatizo tena kwa wengi. Tatizo ni hereni. Huku kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake mbele za watu, na wengi wanaamini ile namba ni mwanzo wa kodi au wa kuambiwa punguza mifugo. Leo mzee mmoja kaleta 40 na kila mtu kijijini anajua ana zaidi ya 100. Sikumuumbua. Nikamwambia shikamoo baba, hawa 40 nawachanja, lakini wale waliobaki wakiugua hawa nao utawaweka wapi, si wanalala zizi moja? Akanyamaza, akachora chora chini na fimbo.

Halafu ikatokea kitu ambacho nataka wafugaji wanaosoma hapa wakisikie vizuri. Nikiwa nimeshavuta sirinji, kijana wake akaropoka kwamba juzi waliwachoma oksitetra, ile antibiotiki, kwa sababu wawili walikuwa wanakohoa. Nikaweka sindano chini. Dawa ile inaua vijidudu vya ugonjwa na inaua vilevile vijidudu vya chanjo, ukichanja juu yake umepoteza dozi na umempa mfugaji amani ya uongo. Na pili, wanakohoa? Tangu lini? Mzee akaniangalia akasema mwanangu, niliogopa mtafunga boma langu. Nilikaa naye chini ya mti karibu nusu saa, foleni ikanisubiri. Sikumlaumu. Ameuguliwa, akaenda duka la dawa, akanunua chupa bila kuulizwa chochote, akachoma mwenyewe, nani asingefanya hivyo kama ng'ombe ndiyo ada ya watoto?

Saa 5 jua kali, nafunga. Ng'ombe 284 wamechanjwa. Mkono unauma mpaka begani, nakunywa uji wa mtu nisiyemkumbuka.

Saa 7 na robo simu. Mfanyabiashara ana Fuso limepaki sehemu ya kupakilia, ng'ombe 26 wa kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, anataka nikakague apate kibali cha kuwasafirisha aondoke leo. Nafika, nakuta ni kijana mstaarabu tu, karatasi za mnada anazo, namba ya malipo kashaiomba. Naanza kazi yangu: hereni, chapa, jinsia, rangi, anatoka kwa nani. Halafu huwa naomba wazungushwe kwa mwendo wa kukimbia kidogo, maana ng'ombe aliyesimama anaweza kukudanganya lakini akikimbia kifua kinasema. Dume moja jekundu likasimama. Shingo mbele, viwiko vimetoka nje kama mtu aliyebeba ndoo kwapani, likakohoa kikohozi kikavu kifupi, kila pumzi linaguna. Kipimajoto 40.8. Nikaangalia sikioni, hereni halina, nikafungua orodha yangu ya waliochanjwa, halimo. Nikauliza limetoka wapi, akanitajia boma la yule mzee wa asubuhi.

"Dada, mtoe huyo mmoja, hawa 25 niandikie. Gari nimeshalipia."

Nimeshasikia sentensi hii mara nyingi sana na bado inanikata. Wamelala pamoja siku nne kwenye zizi moja dogo, ugonjwa unapita kwenye pumzi, na ng'ombe anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, anakula vizuri huku anao. Nikamweleza kwamba nchi hii ilikuwa imeuondoa ugonjwa huu tangu 1964, ukarudi 1990 kupitia Loliondo na ng'ombe waliovuka mpaka, na mpaka leo 2026 bado tunaukimbiza. Siyo upepo ulioueneza, ni safari. Na siyo wote wanaofika mnadani wanachinjwa, kuna mitamba mizuri pale njiani mtu ataitamani aipeleke kwake kufuga.

Mwaka jana kuna mtu nilimnyima kibali akapitisha usiku njia za porini. Ng'ombe wake wawili wakachoka njiani akamuuzia bei ya kutupa mama mmoja mjane aliyekuwa na ng'ombe 9. Akabaki na 3. Nilikuwepo tukimpasua wa mwisho, pafu limeganda kwenye mbavu, limejaa maji ya njano, na yule mama amesimama pembeni ameshika kamba tupu. Kijana wa Fuso nilimsimulia hivyohivyo. Hakujibu, akaenda kukaa kwenye bampa.

Saa 10 jioni daktari wa mifugo wa wilaya kafika, kachukua damu za kupeleka TVLA Mwanza, maabara ya mifugo ya serikali, kazuia kundi lote lisitoke mpaka atoe maelekezo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inatupa nguvu hiyo, lakini haimrudishii kijana hela ya gari, na hapo ndipo naona tunawaonea. Mtu anayetii anapata hasara yote peke yake na anayepita porini anauza. Kungekuwa hata na fidia ndogo au machinjio ya karibu ya kuwapeleka chini ya ukaguzi, kazi yangu ingekuwa nusu. Nimeshaliandika hili kwenye ripoti tatu na nitaliandika tena.

Saa 2 usiku naoga vumbi, narekodi namba za hereni kwenye simu, mtandao unakatika kila baada ya ng'ombe kumi.

Saa 3 na dakika kumi simu, ni yule mzee. Kasikia habari za dume lake. Nikajua atakuwa mkali, kumbe sauti iko chini. "Dokta, wako 137. Kesho njoo uwaone wote, usije na watu wengi."

Nimemwambia saa 11 alfajiri niko mlangoni, kabla hawajaenda malishoni. Kesho sibebi chanjo, nabeba kipimajoto na daftari.