Jinsi tulivyokomesha mbwa kurudishwa

Kikundi chetu cha wanafunzi wa kujitolea kilikuwa hodari wa kuokoa mbwa wa mitaani. Shida ilikuwa kwamba tukiwapatia makao, baada ya siku nne au tano wanarudishwa. "Hali chakula." "Anajificha chini ya kitanda." Niliumia sana kumwona mbwa yuleyule akirudi bandani amefyata mkia.

Daktari wa mifugo anayewachanja dhidi ya kichaa cha mbwa ndiye aliyenionyesha kosa. Tulikuwa tunakabidhi mbwa na kamba yake, basi. Mbwa aliyezoea barabara huweza kuhitaji siku tatu za kutulia tu, wiki tatu za kuzoea ratiba, na hata miezi mitatu aone kwamba pale ni kwake. Hatukuwahi kumwambia mtu hilo.

Sasa kila mbwa hukaa kwanza wiki mbili kwa mlezi wa muda, ili tujue kama anaogopa watoto au kelele. Mwenyeji mpya huelezwa: kona tulivu, chakula kilekile alichozoea, wageni wasubiri, asiguswe anapokula. Kisha mmoja wetu hupiga simu siku ya pili na ya tano. Ile ya siku ya pili, kwa maoni yangu, imeokoa wengi kuliko hatua nyingine yoyote, maana hapo ndipo watu hukata tamaa. Wakati wa mitihani tunapokezana.

Jike mmoja mweusi aliyerudishwa mara mbili yuko nyumba ya tatu, na huu ni mwezi wake wa saba pale.