Siku moja kwenye kliniki ya presha: "Mbona sijisikii kitu?"

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Saa moja kasorobo nimeshavaa sare, nimefungua chumba, nimepanga mafaili na kubadilisha betri za mashine. Mashine ya pili imegoma tangu juzi, kwa hiyo wagonjwa wote leo watapita kwenye mkanda mmoja. Benchi limeshajaa.

Wengi hudhani nesi wa kliniki ya presha anafunga mkanda na kuandika namba, basi. Lakini kupima kuna utaratibu wake: mgonjwa atulie dakika 5, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Mtu aliyetoka mbio kuwahi foleni nikimpima hapo hapo, namba nitakayoandika ni ya zile mbio. Nawasubirisha, wananuna. "Sista, mbona unatuchelewesha?" Nachelewesha makusudi, kwa sababu namba ya uongo inaweza kumwongezea mtu dawa asiyoihitaji.

Saa mbili mpaka saa nne ni kupima, kuandika, kuwaelekeza dirisha la dawa.

Saa nne na robo anaingia mzee mmoja, nadhifu, anatembea wima. Shikamoo, marahaba. Napima: 182/108, iko juu sana. Nasubiri kidogo, narudia: 178/106. Kadi yake inaonyesha miezi mitatu iliyopita ilikuwa 126/78.

"Mzee wangu, dawa unameza?"

"Nilimaliza."

"Zilipoisha ulichukua nyingine?"

"Mwanangu, nimekwambia nilimaliza. Mliniambia imeshuka, iko sawa. Nikamshukuru Mungu, nikaacha. Juzi kichwa kikauma, nikajua imepanda, nikameza viwili vya mke wangu. Kikapoa, ikashuka."

Nilihisi hasira, nakiri. Nje watu wanagonga mlango. Nikaishika kadi ili nimwonyeshe alipokosea, nikakuta maneno "presha iko sawa" yameandikwa kwa mwandiko wangu.

Mzee huyu hakukaidi. Alifuata alichokielewa, na alichokielewa alikipata kwetu. Magonjwa mengi aliyowahi kuugua yalikwenda hivyo: unameza dozi, unapona, unaacha. Tena tunasema presha "imepanda", presha "imeshuka", kama mgeni anayekuja na kuondoka. Tunasema pia "usinipe presha" tukiwa na maana ya wasiwasi, ndiyo maana kila wiki kuna anayeniambia, "Sista, mimi sina mawazo siku hizi, presha nitaitoa wapi?"

Nikaliweka faili pembeni.

"Wewe huwa unajuaje kwamba imepanda?"

"Kichwa huuma. Moyo hudunda."

"Sasa hivi kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Moyo?"

"Umetulia kabisa."

Nikaigeuza mashine, kioo kikamwelekea. Akainama akaisoma ile 178 kwa sauti, halafu akaisoma tena polepole, kidole kikigusa kila tarakimu.

"Na sijisikii kitu," akasema.

Maneno hayo ningependa kila mtu ayasikie. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Watajuaje, kama kipimo chao ni kichwa kuuma? Wakati huo mishipa inaumia, figo, macho na moyo vinachakaa, na kwa wengine dalili ya kwanza ni kiharusi. Nikamweleza kwamba ile 126 ilikuwa imeshikiliwa na dawa. Ukiiachia, inarudi ilikokuwa.

Akakaa kimya. Kisha akakunja suruali kidogo, akanionyesha kifundo cha mguu.

"Ile dawa ilikuwa inanivimbisha hapa. Nikasema figo zinakufa."

Kumbe hilo nalo lilikuwepo, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa kwenye amlodipini, na miguu kuvimba ni tatizo linalojulikana la dawa hiyo; dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Nikampeleka mwenyewe kwa daktari. Akamchunguza, akaagiza figo zipimwe, akambadilishia dawa. Dakika 40 zilikwisha hivyo, na niliporudi benchi zima lilikuwa limenikasirikia. Wana haki yao. Lakini hizo dakika 40 ndizo kazi yenyewe, na sioni aibu kuzitumia.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Dada mmoja hataki kuanza dawa kwa sababu "ukianza huachi". Nikamuuliza anachoogopa ni nini hasa, tukaanzia hapo. Mwingine, mwingine. Chakula sikula. Nyayo zinawaka moto. Kwenye kadi siku hizi siandiki tena "iko sawa". Naandika namba, kisha "akiwa anatumia dawa, aendelee".

Nilikuwa nafunga dirisha yule mzee aliporudi, mfuko wa dawa mkononi.

"Ni kila siku? Hata nikiwa mzima?"

"Kila siku, mzee wangu. Hata ukiwa mzima."

Akaniomba nimwandikie hivyo juu ya boksi, herufi kubwa. Nikaandika. Akatoa karatasi mfukoni.

"Niandikie na ya mama. Yeye humeza kichwa kikiuma tu."